Gauni la Kumi na Mbili

Nyamianda, Uvira, tarehe 11 Aprili 2024

Keza, mujukuu wangu,

Michoro yako nimeipata. Mama Noella aliivusha mpaka pamoja na ndagala zake, kwa hiyo wanamuke uliowachora wananuka samaki, lakini wanaonekana. Nakuandikia juu kwa simu weye unasema "ndiyo koko, ndiyo koko", kisha unafanya yako. Karatasi haiishiwi kredi.

Tuko. Koko yako Pontien anakohoa lakini anakula. Ziwa limepanda tena, Kimanga sasa mutu anaingia kwake na mtumbwi.

Tuje kwa michoro. Nimeigeuza huku na huku nikitafuta kitambaa cha mgongo kiko wapi. Hakiko. Keza, watu wanakwenda mbele ya altare, hawaendi kuoga. Halafu zipu umeiweka nyuma. Spès, mumoja wa hao maarusi, ananyonyesha. Mutoto akilia katikati ya mahubiri atamupa nini, kiwiko?

Nakuambia tena vizuri, juu naona huko Bujumbura unasikiliza na sikio moja. Padri Rémy amesema wote wanaokaa na waume zao bila ndoa ya kanisa, atawafungisha siku moja, Jumamosi tarehe 8 Juni. Wanamuke kumi na wawili wamejiandikisha. Kumi na mmoja ni wa Kimanga, maji yaliwatoa mu nyumba, wanalala mu madarasa ya shule. Wa kumi na mbili si wa Kimanga, lakini hilo si kitu. Weye na wenzako wawili mulisema mutawashonea magauni bila kulipwa. Ni vizuri. Lakini kufanya wema si sawa na kukimbia. Hawa si vichaka vya kutundikia nguo.

Weye umezaliwa mu ndoa, hujui. Wakati wa komunyo wengine wanapanga mstari, weye unabaki kwenye benchi. Unasogeza magoti wapite. Wanakuambia pardon, pardon. Wakirudi unasogeza tena. Jumapili kwa Jumapili, mpaka watoto wako wanapata wajukuu. Watu hao wamesogeza magoti ya kutosha.

Na picha hapana. Ukileta mutu wa picha nitamutupa ziwani na mashini yake.

Koko yako,
Léocadie

*

Bujumbura, tarehe 16 Aprili 2024

Koko mpenzi,

Umenichapa na nimesikia. Michoro nimeichana. Nilichora kama ninavyowachorea wateja wa hapa: anavaa masaa sita, anapigwa picha mia nne, kisha gauni linaingia kwenye mfuko na halitoki tena. Nimeshona magauni ya namna hiyo miaka saba. Ndiyo maana nilipowaambia wenzangu habari ya Kimanga hawakuuliza maswali mengi. Sisi watatu tulikuwa tumechoka kushonea mifuko.

Vitambaa tumepewa na mwenye duka mmoja. Yeye ndiye aliyetaka picha. Nimemwambia hapana. Amenuna, lakini kitambaa ametoa.

Vifungo vitakuwa mbele. Mgongo utafunikwa. Ila jambo moja sitaki tubishane: sitashona magauni kumi na mawili ya namna moja kama sare ya shule. Kila mama apate lake, limepimwa kwa mwili wake. Kwa hiyo naomba vipimo vya kila mmoja: kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka bega mpaka kisigino. Kama huna meta ya fundi, tumia kamba na upige mafundo. Unitumie na majina. Ndani ya shingo ya kila gauni nitadarizi jina la mwenyewe, asije mtu akasema limeazimwa.

Nakusalimu, na koko Pontien pia. Anywe dawa.

Keza

*

Nyamianda, tarehe 25 Aprili 2024

Keza,

Kamba yako imekataliwa.

Nilikwenda shuleni, nikawasimamisha kwenye ukuta. Irankunda alikuwa wa kwanza. Nimeweka kamba begani, nimeinama niifikishe kisigino, nikasikia Spès kutoka mlangoni: "Koko Léocadie, Pitchou amekufa, ndiyo umechukua kazi yake?" Pitchou ni yule seremala wa masanduku, weye unamujua. Huku mutu anapimwa na kamba, kichwa mpaka kisigino, mara moja tu, naye akiwa amelala na hasemi. Irankunda akaruka kama amekanyaga moto. Wengine wote wakapeleka mgongo ukutani. Niliwatukana, haikusaidia. Maji yamewatoa mu nyumba zao, hawataki kupimiwa ile nyumba ya mwisho. Sikuwalaumu sana. Weye ulikulia hapa, ulipaswa kukumbuka.

Nikatumia akili. Niliwaambia kila mumoja aniletee nguo moja anayovaa. Fundi atapima nguo, nguo haiogopi kufa. Walikubali. Ziko zote mu mfuko huu, nimefunga karatasi ya jina kwa kila moja. Uzirudishe haraka, hawana za kubadilisha.

Ile ya kumi na mbili, lile libaya la kitenge cha kijani, ile blauzi, ni la mama mumoja anaitwa Inamahoro. Ni mutu muzima. Hapendi maneno. Mushonee kama wengine na usimuulizeulize.

Mbona hujaniambia kitambaa ni rangi gani? Au nayo ni siri?

Koko yako,
Léocadie

*

Bujumbura, tarehe 22 Mei 2024

Koko,

Tumemaliza. Siku kumi na tisa, mikono sita. Mama Noella amelalamika mfuko ni mzito kuliko samaki, lakini amekubali.

Rangi ni ya maziwa yaliyotulia, si nyeupe ya kung'aa. Kila moja ina shingo yake na mikono yake. La Spès lina vifungo vinane mbele, anavifungua na mkono mmoja. Nilipopima zile nguo nilishangaa kuona mabega mapana na nyonga za watu walioshiba. Niliwaambia wenzangu, tazameni watu wa kwetu, maji yamewafukuza na bado wana miili. Nilifurahi kweli.

La kumi na mbili nimelishona mwenyewe, sikumpa mtu. Koko, lile libaya la kijani nalijua. Mkono wa kushoto mshono umepinda, na ni mimi niliyeupinda, ilikuwa kazi yangu ya mtihani. Ulisema nisiulize, basi siulizi. Jina nimelidarizi lile la kweli, maana gauni la arusi halivaliwi kwa jina la mtu ambaye hayuko. Lifungue ukiwa peke yako.

Ningependa kuona uso wako.

Keza

*

Nyamianda, tarehe 27 Mei 2024

Keza,

Uso wangu wameuona watu wote isipokuwa weye.

Barua yako ilikuwa chini kabisa ya mfuko, chini ya magauni kumi na mawili. Nani anaweka onyo chini? Mutu anayeandika "kuna mbwa mukali" anaandika kwenye mlango, haandiki mu jikoni.

Nilibeba mfuko moja kwa moja mpaka shuleni. Nilikuwa na furaha, nakubali. Wote walikuwepo. Vanessa, yule mwalimu wa darasa la pili, akawa anatoa magauni na kusoma majina shingoni. Spès alichukua lake akavaa. Keza, Spès aliingia, gauni likabaki linamungojea. Mabega yake yalifika kwenye viwiko. Irankunda alisimama ndani ya lake, akageuka, gauni halikugeuka. Wa tatu. Wa nne. Mwanzoni walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mumoja alilivua, akalikunja vizuri sana, akaliweka kwenye dawati, akatoka nje.

Vanessa akatoa la mwisho. Akasoma. "Léocadie."

Walinigeukia wote. Niliwaza kusema ni Léocadie mwingine. Spès akasema, "Vaa, Koko, tuone." Kama ningekataa ingekuwa mbaya zaidi. Nilivaa juu ya nguo zangu na bado lilinikaa kama ganda na ndizi yake.

Spès hakupaza sauti. Alisema, "Mujukuu wako anajua kupima. Anapima mutu anayemupenda."

Pale pale ndiyo nilielewa, na nataka weye pia uelewe. Zile nguo nilizokutumia si zao. Nguo zao ziko chini ya ziwa. Zile waligawiwa na gari la msaada mwezi wa pili, ni nguo za wanamuke wa Ulaya, watu wa siagi. Wanazifunga na kamba kiunoni ndiyo zisianguke. Ulipofurahia mabega mapana, ulikuwa unafurahia mabega ya watu usiowajua. Umewashonea hao. Kwa wetu umeshona mahema. Gauni moja tu limepimwa kwa nguo ya mwenyewe, nalo ni langu.

Ungejiuliza. Mutu amelala sakafuni miezi mitatu, nyonga anazitoa wapi? Minye pia sikujiuliza, lakini minye niliacha shule darasa la tatu. Weye una diploma iko kwenye ukuta.

Na kwa nini nilijificha, usiniulize. Nimekaa Nyamianda miaka hamsini, nyumba yangu ni kavu, sijawahi kupanga mstari wa kugawiwa kitu. Nilitaka gauni. Sikutaka kuandikwa kati ya waliosaidiwa. Sasa nimeandikwa, tena kama mwizi.

Nimemuambia Pontien aende kwa Padri afute jina langu. Siendi. Gauni Noella atakurudishia.

Léocadie

*

Nyamianda, tarehe 30 Mei 2024

Keza,

Minye si mutu wa barua. Koko yako hajui naandika, anafikiri niko kwa kinyozi.

Kwa Padri sikuenda. Noella nimemuambia asibebe gauni. Liko juu ya kabati.

Jambo hili hujawahi kuambiwa. Mwaka 1977 tulikuwa na tarehe ya kanisa. Léocadie aliazimwa gauni na muke wa katekista. Wengi walikuwa wameolewa nalo. Asubuhi ile ile akasikia wanawake pwani wanasema, gauni lile halihitaji bibi-arusi, linajua njia ya kanisa lenyewe. Akalivua, akalirudisha, akaniambia mwaka ujao nitakuja na langu. Minye nilikuwa tayari nimesimama mlangoni mwa kanisa. Nilisimama mpaka misa ikaisha.

Mwaka uliofuata baba yako akazaliwa. Halafu vita, halafu vita nyingine, halafu ikawa ni aibu kuitaja.

Yeye anasema alikuwa na haki. Labda. Minye sikumukasirikia. Lakini nina miaka sabini na nne na ninataka kuoa.

Mwandikie. Weye unajua kubishana naye. Minye nilizoea kunyamaza, na kunyamaza hakujafanya kazi.

Pontien

*

Bujumbura, tarehe 2 Juni 2024

Koko,

Leo ni zamu yangu kukaripia. Kaa chini.

Kosa la vipimo ni langu. Fundi anauliza nguo ni ya nani kabla ya kuipima, hilo tunalifundishwa wiki ya kwanza. Nilifurahia sana kufanya wema hata sikumwangalia ninayemfanyia. Nimewaambia wenzangu, na Mama Spès umwambie kwamba amesema kweli: nilimpima vizuri yule ninayemjua, wengine nikawapima kwa kubahatisha. Jina pia nimelidarizi kwa haraka yangu. Nilidhani unaona haya kuniomba mimi tu. Sikujua umewaficha na wao.

Lakini kujificha ni kosa lako. Uliniambia hawa si vichaka vya kutundikia nguo. Ulinifundisha wapokee bila kuinamisha kichwa. Halafu wewe ukapokea ukiwa nyuma ya mtu asiyekuwepo. Kumbe kwako kupokea ni aibu, ila kwao si kitu? Wao wameelewa hivyo, na hawakukosea.

Na mimi si gari la msaada. Mimi ni mtoto wa mtoto wako.

Kuja siwezi. Maji yamekata barabara ya Gatumba, watu wanavushwa na mitumbwi, cherehani haivuki. Ila sikiliza: gauni dogo ndilo halina dawa. Gauni kubwa lina dawa. Waligeuze ndani nje, kila mama avae lake, mkaze kwa pini kwanza mabegani, kisha mbavuni kote kuwili sawasawa. Upindo wa chini usiguswe mpaka mwisho. Vifungo visihamishwe. Mkate baada ya kushona, kamwe si kabla. Noella amebeba pini mia mbili na nyuzi, na safari hii barua nimeiweka juu.

Mna siku nne au tano. Mtapima na nini bila kamba? Sijui. Hapo wewe ndiye fundi.

Gauni lako silipokei. Noella akilileta nitamrudisha nalo, na akilileta tena nitamrudisha nalo tena.

Keza

*

Nyamianda, tarehe 10 Juni 2024

Keza,

Barua yako ilikuwa na kiburi. Nimeisoma mara mbili, kisha nimeificha Pontien asiione, akafurahi bure.

Siku ya Jumanne nilikwenda shuleni. Nilibeba pini, na lile gauni langu mkononi, wazi, bila mfuko. Walikuwa wanachambua maharagwe. Hakuna aliyenipa kiti. Niliwaambia: "Nilituma nguo za kugawa juu nilisahau kama nyinyi hamuna zenu. Na jina nilificha juu nilijiona minye si wa kugawiwa. Nimekosa mara mbili." Maneno hayo yalinitoka kama mufupa. Nikangoja.

Spès aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Koko, weye ulitaka arusi yetu bila kukaa na sisi." Akamaliza maharagwe, akayaweka kando, akaingia ndani ya lile hema lake, akainua mikono. "Basi punguza."

Tulipunguza siku tatu. Hakuna aliyehitaji kamba. Nilikuwa nakamata kitambaa na vidole juu ya mutu mwenyewe, mbavu kwa mbavu, naweka pini. Mara nyingine nilichoma. Irankunda nilimuchoma mara tano, akasema sasa ana hakika yuko hai. Wao kwa wao walipunguziana, mume wa Spès alishona upindo, usicheke, alishona vizuri kuliko Vanessa. Mashini ilikuwa moja, ya sista, inapiga kelele kama pikipiki, lakini ilifika.

Yalibaki mabaki mengi ya kitambaa. Minye nilisema tutashona mashati ya watoto. Spès akasema ndiyo, lakini kwanza gauni langu. Nilimuuliza lina nini. Akasema lina kosa, linanikaa peke yangu. Walinivua, Keza, nikasimama na sketi ya ndani kama mutoto wa kupimwa kilo. Kila mumoja akakata kipande kwenye mabaki yake, vipande kumi na kimoja, wakaviunga kuzunguka chini. Upindo umetoka umepinda huku na huku. Weye ungelia. Ulikuwa umelipanga vizuri, sisi tumeliharibu vizuri. Nililivaa hivyo hivyo na sikusema kitu, na weye unajua kunyamaza kunaniumiza wapi.

Jumamosi mvua haikunyesha. Tuliingia kanisani wawili wawili, bila wa mbele, Padri alitupanga kwa kuchanganya. Mutoto wa Spès alilia wakati wa mahubiri. Vifungo vilifanya kazi.

Padri alipomuuliza Pontien kama anakubali, alijibu kabla swali halijaisha. Watu walicheka. Alipofika kwangu aliuliza polepole, nafikiri alikuwa na wasiwasi. Nilisema ndiyo. Nilisema na nguvu kidogo, nyuma walishtuka.

Halafu komunyo. Nilikuwa wa saba kwenye mstari, Pontien nyuma yangu anapumua shingoni. Nilikuwa nasema moyoni neno la kujibu, nalirudia, nalirudia, neno moja tu, mutoto wa miaka tisa analijua. Padri Rémy akainua mkono, akasema, "Mwili wa Kristo."

Nikamujibu, "Asante sana, Padri, na weye pia."

Alisimama na mkono hewani. Nilisikia Irankunda anakaba kicheko. Ndipo Pontien akainama juu ya bega langu, yeye asiyepaza sauti, akasema "Amina" kanisa zima likasikia, na Padri akanipa.

Jana nilikwenda kumuuliza kama ilihesabika. Amesema imehesabika.

Léocadie, bibi wa Pontien